Laptopu haiwaki, fundi anasema ubao mama umekufa: nikubali?

Msomaji wa Tanga ameniandikia hivi, nami nimeifupisha barua yake: "Shikamoo fundi. Nina Dell Latitude 5400 niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Ijumaa usiku umeme ulikatika na kurudi mara kadhaa laptopu ikiwa kwenye chaji, nikaifunga nikalala. Asubuhi nabonyeza kitufe, feni inazunguka kidogo, skrini nyeusi tii, na kitaa kidogo cha betri kinapepesa rangi ya chungwa na nyeupe, kinatulia, kinaanza tena. Nimeipeleka kwa fundi karibu na chuo. Amebonyeza kitufe, amejaribu chaja yake, akasema ubao mama umekufa, nitoe shilingi 400,000 abadilishe. Humo ndimo ilimo tasnifu yangu yote. Nikubali?"

Marahaba binti yangu. Usikubali bado, na wala usigombane na fundi, maana huenda mwisho wa yote akawa sahihi. Shida ni kwamba hajaonyesha amejuaje. Kubonyeza kitufe na kubadili chaja kunathibitisha kuwa mashine haiwaki, jambo ulilolijua kabla hujatoka nyumbani. Ubao mama, ile bodi kuu inayounganisha vipande vyote, ni hukumu ya mwisho, inatolewa vingine vyote vikishaondolewa mashaka. Kwa dalili ulizoandika, mimi ningeanzia kwenye ramu, vile vipande vya kumbukumbu ya muda ambamo kompyuta huweka kazi inayoendelea.

Laptopu huwaka kwa hatua. Umeme unatoka kwenye chaja, volti 19.5 kwa Dell yako, unaingia kwenye tundu na kufika kwenye ubao mama. Pale unagawanywa. Kwanza kuna njia mbili, ya volti 3.3 na ya volti 5, ambazo huwa hai hata mashine ikiwa imezimwa, mradi chaja au betri ina umeme. Hizo ndizo zinazoilisha chipu ya udhibiti inayosubiri kidole chako kwenye kitufe. Ukibonyeza, chipu hiyo inafungulia njia nyingine moja baada ya nyingine hadi za ramu na prosesa, ile chipu inayofanya hesabu zote. Prosesa inaamka na kusoma BIOS, programu ndogo ya kuiamsha mashine, BIOS inakagua ramu, picha inapelekwa kwenye skrini, kisha ndipo SSD, yaani diski inayotunza mafaili yako, inatafutwa na Windows kuanza. Kutafuta hitilafu ni kama kufuata maji kwenye bomba: unauliza yamefika wapi na yamekomea wapi. Mashine iliyokomea kwenye chaja na iliyokomea kwenye SSD, kwa mwenye nazo zote mbili "haziwaki", lakini matibabu yake na gharama zake ni mbingu na ardhi.

Yako imefika mbali. Feni imezunguka, kwa hiyo chaja au betri inatoa umeme, kitufe kinafanya kazi, na zile njia za volti 3.3 na 5 zipo. Kitaa kinapepesa kwa mpangilio, kwa hiyo chipu ya udhibiti ni nzima kiasi cha kutambua kuwa kuna kitu kimekwama na kukutangazia. Ubao uliokufa kabisa hautangazi chochote. Hiyo haina maana kwamba ubao wako ni mzima wote. Ina maana kwamba mashine imekuambia hitilafu iko upande gani, na hakuna aliyekaa chini kuhesabu.

Basi anza kwa kuhesabu. Chomeka chaja, kaa mahali penye kivuli, washa, na kirekodi kitaa hicho kwa simu walau dakika moja. Ukiitazama video polepole utaona kinawaka chungwa mara kadhaa, kinatua kidogo, kinawaka nyeupe mara kadhaa, kinatua zaidi, halafu kinarudia. Andika namba zote mbili. Chungwa 2 na nyeupe 3 maana yake mashine haioni ramu kabisa. Chungwa 2 na nyeupe 4, ramu inaonekana lakini ina kasoro. Chungwa 2 na nyeupe 5, ramu iliyowekwa haikubaliki kwenye mashine hiyo. Hizo tatu ndizo ninazozitarajia kwako. Chungwa 2 na nyeupe 1 ni prosesa, 2 na 2 ni BIOS iliyoharibika, 2 na 6 ni ubao mama wenyewe, 2 na 7 ni skrini. Chungwa 3 na nyeupe 1 ni ile betri ndogo ya saa, bapa kama sarafu. 3 na 3 ina maana mashine inataka kuirudisha BIOS lakini haipati nakala ya kurudishia, na 3 na 5 ni hitilafu kwenye njia mojawapo ya umeme. Ukipata 2 na 6 au 3 na 5, hapo nitamwelewa fundi wako zaidi. Ukipata 2 na 1, nako ni ubao, kwa sababu prosesa ya mashine hii imechomelewa humo humo.

Kabla hujagusa kitu kingine chochote, naomba ushughulikie tasnifu. Tasnifu haimo kwenye ubao mama. Imo kwenye SSD, kipande chembamba chenye upana wa vidole viwili hivi, ambacho hutoka kwa kufungua skrubu chache, na SSD huwa haidhuriki kwa sababu tu ramu imegoma. Lakini kuna mtego mmoja. Windows za siku hizi mara nyingi hufunga SSD kwa BitLocker, kufuli la siri linalozuia mafaili yasisomwe bila ufunguo, hata kama mwenye mashine hakuwahi kuiomba, hasa ukiwa umeingia kwa akaunti ya Microsoft. Funguo za kufuli hilo zimefungamanishwa na chipu ya usalama iliyo kwenye ubao mama. Ukiihamishia SSD kwenye mashine nyingine, au ubao ukibadilishwa, au hata mpangilio wa BIOS ukibadilika, unaweza kuulizwa ufunguo wa urejeshaji wenye tarakimu 48. Usipokuwa nao, hakuna fundi Tanga wala Dar es Salaam atakayekufungulia. Kwa hiyo leo hii, kwa kutumia simu yako, ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft, nenda kwenye sehemu ya vifaa vyako, tafuta ufunguo wa BitLocker wa laptopu hiyo na uunakili kwenye karatasi. Kama uliwekewa Windows na muuzaji na hujawahi kuingia kwa akaunti yoyote, kuna uwezekano mkubwa SSD haijafungwa kwa ufunguo unaopaswa kuutafuta, lakini hakikisha kwanza. Hii ndiyo sehemu ya shughuli nzima ambayo ikiharibika hairekebishiki, ndiyo maana nimeitanguliza.

Sasa tuje kwenye mashine. Kukatika na kurudi kwa umeme mara kwa mara huweza kuiacha chipu ya udhibiti katika hali isiyoeleweka, mashine ikawa haijafa ila imeganda. Kwa Latitude za umri huu kuna njia ya kuirudisha mwanzo bila kufungua chochote. Izime kabisa, chomeka chaja, kisha bonyeza na kushikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30 kamili kwa saa. Vitaa vikiwaka au kuzima katikati, usiachie. Ukiachia, subiri. Na hapa watu wengi hukata tamaa mapema: baada ya hatua hii mashine inaanza kujifunza ramu upya, na skrini inaweza kubaki nyeusi kwa dakika nzima au zaidi. Iache dakika tano kabla ya kuigusa tena. Kuizima katikati ni kuanza upya.

Ikiwaka lakini Windows ikaleta skrini ya buluu inayosema haipati diski ya kuanzia, usifute Windows. Hatua hiyo inaweza kuwa imerudisha mipangilio ya BIOS ya kiwandani, na kiwandani Dell hizi huja SSD ikiwa kwenye mpangilio wa RAID, ilhali wauzaji wengi huweka Windows ikiwa kwenye AHCI; hizo ni namna mbili tofauti za mashine kuwasiliana na diski. Washa huku ukigonga F2, tafuta kipengele cha SATA, geuza kwenda AHCI, hifadhi, washa tena. Nimeona watu wakiambiwa diski imekufa kwa jambo hili peke yake.

Ikibaki vilevile, tunafungua. Hapa unahitaji bisibisi ndogo ya msalaba inayokaa sawasawa kwenye skrubu, kadi ya plastiki iliyokwisha matumizi, na meza isiyo na kitambaa. Chomoa chaja. Gusa kwanza chuma kitupu, kama fremu ya dirisha, ili umeme tuli wa mwilini uondoke. Skrubu za kifuniko cha chini cha Latitude hii zimefungwa zisidondoke, unazilegeza tu hadi ziache kushika, kisha unapitisha kadi pembezoni kuanzia karibu na bawaba. Usitumie bisibisi kubenua, inatafuna ukingo.

Kitu cha kwanza kuangalia ndani ni betri. Ikiwa imetuna, ina kitambi, au umewahi kuona padi ya kugusia ikiinuka, simama hapo. Usiibonyeze wala kuitoboa, na mashine isichajiwe tena hadi betri itolewe na mtu anayejua. Betri za lithiamu zikitoboka huwaka moto na moshi wake ni sumu. Ikiwa bapa na safi, chomoa waya wake kwenye ubao kwa kuvuta kichwa cha plastiki, si nyuzi. Kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, chaja na betri vikiwa vimechomolewa, umeme uliobaki kwenye kapasita, vile vipande vidogo vya ubao vinavyohifadhi umeme, umalizike.

Ramu ziko kwenye nafasi mbili, na huenda moja iko wazi. Ramu hushikwa na vibanio viwili vya pembeni. Ukivitanua kwa kucha, kipande kinainuka chenyewe kwa mshazari na unakivuta. Kishike kwa kingo. Tazama meno yake ya rangi ya dhahabu kwenye mwanga wa dirisha. Kwa anayeishi Tanga, Mombasa, Zanzibar au popote chumvi ya bahari inapoingia na upepo, utaona mara nyingi ukungu wa kahawia au madoa ya kijani hafifu kwenye meno hayo. Haihitaji maji kumwagika. Miezi ya unyevu na feni inayovuta hewa ya nje inatosha. Mguso ukishakuwa dhaifu, kilichobaki ni mtikisiko mmoja au umeme kuyumba usiku, na asubuhi mashine haioni ramu.

Safisha kwa kitambaa kisichoacha nyuzi na spiriti kali isiyo na rangi wala manukato, ile ya asilimia 90 na kuendelea. Kama doa limeng'ang'ania, kifutio cheupe laini cha penseli, mikono miepesi, kisha spiriti tena kuondoa mabaki ya kifutio. Msasa hapana, hata ule laini kabisa, kwa sababu tabaka la dhahabu ni jembamba mno, na likikwanguka kutu itarudi kwa kasi. Ndani ya nafasi ya ramu usiingize kitu kigumu. Puliza kwa pampu ya mkono, usipulize kwa mdomo, mate yana unyevu na chumvi.

Ikishakauka, rudisha kipande kimoja tu. Kiingize kwa mshazari mpaka meno ya dhahabu yazame na ubaki mstari mwembamba sana, ndipo ukibonyeze chini vibanio vishike kwa mlio. Ramu isiyozama vizuri ni kosa la kawaida kuliko ramu iliyokufa. Rudisha waya wa betri, laza kifuniko bila kukaza skrubu, chomeka chaja, washa, subiri zile dakika tano. Isipowaka, hamisha kipande kilekile kwenye nafasi ya pili. Kama vipande ni viwili, fanya hivyo kwa kila kimoja. Utapata mojawapo ya majibu manne. Kipande kimoja kikiwasha na kingine kikagoma kote, ramu ndiyo mbovu, na ramu ya laptopu ya DDR4, aina inayotumiwa na mashine hii, inauzwa kila mahali. Vipande vyote vikiwasha kwenye nafasi moja na kugoma kwenye nyingine, nafasi ile ina tatizo, na unaweza kuendelea kutumia ile nzima kwa miaka. Vyote vikiwasha kote, ulikuwa uchafu. Vyote vikigoma kote, azima ramu ya DDR4 unayoijua ni nzima kutoka kwa rafiki, jaribu nayo, na ni hapo tu, kama nayo imegoma na kitaa bado kinasema 2 na 3, ndipo lawama inahamia kwenye ubao mama.

Mashine ikiwaka usifurahi ukaishia hapo. Izime, iwashe ukigonga F12, chagua ukaguzi wa vifaa, uache uende mpaka mwisho. Ukikuletea namba 2000-0123, ramu imeshindwa mtihani wa uadilifu wa kumbukumbu hata kama Windows inafunguka, na itaharibu mafaili kimyakimya. Namba 2000-0142 ni diski iliyofeli kujikagua. Ukiiona hiyo, nakili tasnifu kwanza, maswali baadaye.

Kuna wasomaji ambao dalili zao ni tofauti na zako, na najua watasoma hapa, kwa hiyo nipitie kwa haraka.

Ambaye mashine yake haitoi hata kitaa kimoja, asifikirie ramu. Aanzie kwenye soketi ya ukutani, ekstensheni, na waya mfupi unaotoka ukutani kwenda kwenye tofali la chaja, ambao hulegea. Chaja nyingi za Dell zina duara la mwanga mweupe kwenye ncha inayoingia kwenye laptopu, na duara hilo ni kipimo kizuri kuliko watu wanavyojua. Lisipowaka kabisa, chaja haina umeme. Likiwaka vizuri chaja ikiwa nje, kisha likazimika papo hapo unapochomeka kwenye laptopu, ndani kuna shoti: aidha kwenye tundu la chaja au kwenye ubao, na chaja imejizima kujilinda. Usirudie kuchomeka mara nyingi. Likibaki limewaka na laptopu imekaa kimya, umeme unafika kwenye tundu, na swali linakuwa kama unavuka. Mwenye multimita, kile kipimo cha umeme, apime volti za umeme wa moja kwa moja (DC) kati ya ukuta wa ndani na wa nje wa ncha, atapata karibu 19.5. Asiguse ile sindano ya katikati, hiyo ni ya utambulisho. Sindano hiyo ikivunjika au kupinda, mashine huwaka lakini inalalamika kuwa haijaitambua chaja, betri haichaji na kila kitu kinakwenda polepole. Volti kamili bila mzigo hazithibitishi chaja ni nzima, kwa sababu chaja iliyochoka huonyesha 19.5 mezani na kuporomoka inapobebeshwa mashine, kwa hiyo jaribio la kuaminika ni chaja nyingine halisi ya wati 65. Chaja ya USB-C haipimwi hivi, maana haitoi volti za juu mpaka izungumze na laptopu kwanza. Tundu la chaja kwenye Latitude nyingi ni kipande cha pekee chenye waya wake, kinachobadilishwa bila kuchomelea, na hicho nacho nimekisikia kikiitwa ubao mama uliokufa.

Ambaye feni inaendelea kuzunguka, hakuna kitaa kinachopepesa, ila skrini nyeusi, abonyeze kitufe cha herufi kubwa kwenye kibodi. Taa yake ikiwaka na kuzima kwa utii, kompyuta iko hai na tatizo ni picha. Aimulike skrini kwa tochi ya simu kwa mshazari. Akiona maandishi hafifu sana, mwanga wa nyuma ya skrini ndio uliokufa. Achomeke televisheni kwa waya wa HDMI, na kwa Dell, azime kisha awashe huku ameshikilia herufi D. Skrini nzima itaonyesha rangi tupu kwa zamu, nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani, buluu. Rangi zikiwa na mistari au zisitokee kabisa huku televisheni ina picha safi, ni skrini au waya wake unaopita kwenye bawaba. Na aondoe simu yenye kava la sumaku karibu na kibodi, kwa sababu laptopu hutambua kufungwa kwa sumaku na inaweza kudhani imefungwa.

Ambaye mashine yake ilizimika katikati ya kusasisha BIOS, azime, achomoe chaja, ashikilie Ctrl na Esc kwa pamoja, achomeke chaja huku ameshikilia, aachie ikitokea skrini ya urejeshaji. Mara nyingi nakala ya BIOS ipo kwenye diski na mashine inajirekebisha. Isipojirekebisha, fundi mwenye kifaa cha kuandikia chipu anaweza kuiandika upya. Hiyo ni kazi ya chipu moja ya miguu minane, na bei yake isifanane hata kidogo na ya ubao mzima.

Turudi kwako, tuseme umefanya yote na imegoma, au kitaa kimesema 2 na 6 au 3 na 5. Wakati huo unahitaji fundi, ila fundi wa ubao, mwenye meza ya kazi na vipimo. Utamjua kwa maswali mawili. Muulize mashine inavuta ampea ngapi ikichomekwa kwenye kifaa chake cha mezani cha kutoa umeme, na muulize volti 3.3 na 5 zipo au hazipo. Anayejua kazi atakujibu kwa namba bila kukasirika, na wengi watakuonyesha kwenye kioo cha kipimo. Ampea zikipanda ghafla mara tu inapochomekwa, kuna shoti, na kinachosababisha shoti mara nyingi ni kapasita ndogo kuliko punje ya mchele, ambayo fundi huifichua kwa kuupaka ubao spiriti na kutazama mahali inapokauka kwanza kwa sababu ya joto. Kapasita hiyo ikitolewa na kuwekwa nyingine, ubao unafufuka. Umeme uliokuwa ukicheza Ijumaa usiku unaweza kufanya uharibifu wa aina hiyo, ingawa kwa kawaida chaja ndiyo inayoumia kwanza, na dalili zako haziendi upande huo. Kuanzia sasa, umeme ukianza kukatika na kurudi, chomoa chaja ukutani na utumie betri mpaka utulie.

Kuhusu hizo 400,000, ubao wa 5400 ukibadilishwa unakuja na prosesa yake, na ramu na SSD zako zinahamia humo. Ubao huo karibu kila mara ni wa mitumba, umetolewa kwenye mashine nyingine, kwa hiyo bila dhamana ya maandishi ya miezi kadhaa unanunua bahati. Linganisha na bei ya Latitude kama hiyo iliyotumika na inayofanya kazi mbele ya macho yako. Ikiwa matengenezo yanazidi nusu ya bei hiyo, mimi ningeweka fedha kwenye mashine nyingine na kuiuza hii kwa vipuri, maana skrini, betri, ramu na kibodi vyake vina wanunuzi. Ukiamua kubadilisha, omba urudishiwe ubao wa zamani. Ni mali yako, na fundi wa pili anaweza kuupima.

Na kabla hujamkabidhi mtu yeyote mashine kwa kazi hiyo, toa SSD ubaki nayo. Nunua kasha la kuibadili iwe kama fleshi, lakini kwanza soma kibandiko chake, kwa sababu kuna SSD za NVMe na za SATA zenye umbo linalokaribiana, na kasha la moja halisomi nyingine mpaka liwe la aina zote mbili. Ichomeke kwenye kompyuta ya mwenzako, weka zile tarakimu 48 ikiziomba, na kama Windows itakuuliza kama ungependa kuifomati, kataa. Nakili tasnifu sehemu mbili, kwenye fleshi na kwenye barua pepe yako. Kisha nitumie hesabu ya kitaa.